Kupanga poti za seriali: kadi, waya na mizani ya ghala la mwani

Ukinipigia simu kuniambia mizani haisomi kwenye kompyuta, sikuulizi baudi (kasi ya kutuma) ngapi. Nakuuliza waya umechomekwa tundu lipi, na kompyuta inaliitaje tundu hilo. Kazi hizi nazifanya Wete na Chake, mara mojamoja Mkoani, na mengi ninayoitiwa huwa si ya mipangilio hata kidogo. Mtu ana matundu matano nyuma ya kompyuta, hajui lipi ni lipi, anaanza kubadilisha baudi, kisha pariti (biti ya kukagua makosa), kisha draiva, mpaka hakumbuki alianzia wapi. Mimi huanza na chuma, nikimaliza napanda kwenye jina la poti. Mipangilio naigusa mwisho.

Mfano wetu uwe kompyuta ya ghala la mwani. Akinamama wanaleta viroba vya mwani mkavu, vinapandishwa kwenye mizani ya jukwaa, uzito unaingia kwenye programu, na printa ndogo inatoa risiti. Ipo mizani ya pili, ya mezani, ya kupimia sampuli. Nyuma, kwenye banda, kuna jenereta ambayo mwenye ghala anataka kujua imefanya kazi saa ngapi bila ya kutoka nje. Hivyo ni vifaa vinne vya seriali, yaani vinavyotuma habari biti moja baada ya moja kwenye waya, na kompyuta inayouzwa siku hizi mara nyingi haina hata poti moja.

Kadi au adapta ya USB?

Kwa kifaa kimoja, nunua adapta ya USB uende zako. Kwa vitatu au vinne vinavyofanya kazi kutwa, nunua kadi ya seriali ya kufunga ndani. Sababu yangu ni umeme. Hapa Pemba tulipata umeme wa kebo ya baharini kutoka Tanga mwaka 2010, na ni neema kubwa ukilinganisha na enzi za majenereta ya Wesha, lakini bado unakatika na kurudi. Kompyuta ikiwaka tena, adapta za USB zinapewa namba kwa kadiri zinavyogunduliwa. Jana mizani ilikuwa ttyUSB0 (jina la adapta ya USB kwenye Linux), leo ttyUSB0 ni printa, na programu inaipelekea mizani risiti ya kuchapisha. Kadi imekaa kwenye sloti yake, haina mambo hayo.

Kabla ya kulipa, fungua kasha la kompyuta utazame sloti. PCI ya zamani na PCI Express haziingiliani, na kompyuta nyembamba za ofisini zinataka kadi yenye bati fupi. Kisha soma maandishi ya juu ya chipu, usitosheke na boksi. Kadi za poti nne utakazokutana nazo nyingi zina chipu za Oxford, MosChip, au WCH kama CH384, na zote Linux inazijua bila ya kusumbuka. Kwa Windows pakua draiva ya chipu ile kabla hujaenda site, maana intaneti ya ghalani usiitegemee. Kitu unachotaka kukiona ni 16550 au zaidi. Hiyo ina hodhi ya baiti 16, kwa hiyo kompyuta ikishughulika kidogo, herufi zinasubiri badala ya kupotea. 16450 na 8250 za zamani zinashika baiti moja tu.

Ikiwa umepewa kompyuta kongwe yenye sloti za ISA, huko jampa (vifuniko vidogo vya kuunganisha pini mbili) ndizo zinazoamua anwani na mkatizo, yaani IRQ, wa kila poti, ambazo Windows inaziita COM: COM1 ni 3F8 na IRQ 4, COM2 ni 2F8 na IRQ 3, COM3 ni 3E8 ikirudia IRQ 4, COM4 ni 2E8 ikirudia IRQ 3. Poti mbili zenye IRQ moja kwenye ISA usizitumie kwa wakati mmoja. Kwenye PCI hilo lilishamalizwa, kadi nzima inaweza kushirikiana mkatizo mmoja bila ugomvi.

Jampa za pini ya 9

Hapa usiende mbio. Kadi nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya maduka, na zina jampa kando ya kila poti za kupeleka volti 5 au 12 kwenye pini ya 9, mara nyengine pini ya 1, ili kisoma-lebo au skrini ndogo ya mteja ipate umeme humo humo. Kwenye RS-232 ya kawaida, kiwango cha umeme cha poti hizi, pini ya 9 ni ishara ya simu kuita, haina umeme wa kulisha kifaa. Ukichomeka mizani kwenye poti iliyowekewa volti 12, unaweza kuiunguza, na kadi inaweza kuondoka nayo.

Weka jampa zote upande wa ishara ya kawaida. Kisha, kadi ikishafungwa na kompyuta imewaka, kabla hujachomeka kifaa chochote, pima kwa multimita: ncha nyeusi pini ya 5, nyekundu pini ya 9, poti moja baada ya moja. Ukiona 5 au 12 iliyotulia, zima, rudi kwenye jampa. Usiamini mchoro wa kwenye karatasi ya boksi, nimeona karatasi ya kadi moja ndani ya boksi la kadi nyengine.

Kufunga kwenyewe hakuna maneno mengi. Zima, chomoa waya wa umeme ukutani, gusa chuma cha kasha, sukuma kadi mpaka ikae, kaza skrubu. Skrubu hiyo usiiache: kadi za poti nne mara nyingi zinatoka na kebo ya pweza, kichwa kimoja kipana upande wa kadi na mikono minne yenye viunganishi vya pini 9, na uzito wake ukining'inia nyuma ya meza unaivuta kadi ikapanda upande mmoja. Mikono imeandikwa P1 mpaka P4. Maandishi hayo yanafutika, kwa hiyo zungushia utepe mweupe uandike kwa kalamu ya wino usiofutika.

Jina la kila poti

Kwenye Linux andika:

lspci | grep -i serial
sudo dmesg | grep ttyS

Amri ya kwanza inakwambia kadi imeonekana. Ya pili inakupa mstari kama huu kwa kila poti:

0000:02:00.0: ttyS4 at I/O 0xe0c0 (irq = 16, base_baud = 115200) is a 16550A

Sasa unajua majina: ttyS4, ttyS5, ttyS6, ttyS7. Ukikuta badala yake malalamiko kwamba poti haikuweza kusajiliwa, yakimalizika na error -28, kadi ni nzima. Mfumo umepangiwa idadi ndogo ya poti tangu ulipojengwa, mara nyingi nne. Fungua /etc/default/grub, kwenye GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT ongeza 8250.nr_uarts=16, endesha sudo update-grub, washa upya. Watu wamerudisha kadi dukani kwa mstari huu mmoja.

Kisha mtumiaji anayeendesha programu aingizwe kwenye kundi la dialout, lenye ruhusa ya kutumia poti, atoke na aingie tena. Usiizoeshe programu ya mizani kuendeshwa kwa sudo.

Kwenye Windows fungua Device Manager, sehemu ya Ports (COM & LPT). Bonyeza poti mara mbili, Port Settings, Advanced, na hapo chini utachagua namba. Mimi nazipa poti za kadi COM5 mpaka COM8, zikifuatana na P1 mpaka P4. COM1 na COM2 naiachia mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta), na COM3 kwenye kompyuta nyingi za ofisini inakaliwa na kitu cha Intel kinachoitwa AMT. Juu ya COM9 siendi: kuanzia COM10 Windows inataka jina liandikwe \\.\COM10, na programu za zamani hazilijui hilo, zitakwambia poti haipo wakati unaiona kwa macho. Namba unayoitaka ikionyesha inatumika na huoni inatumiwa na nani, nenda View, Show hidden devices. Utakuta adapta zilizochomekwa zamani zikachomolewa, zimepauka rangi. Ziondoe, namba itaachiliwa.

Majina yote haya ni ya ndani ya kompyuta. Bado hujui ttyS4 ni mkono upi wa pweza. Chukua kiunganishi cha kike cha pini 9, unganisha kwa lehemu pini ya 2 na ya 3, basi. Fungua poti kwa terminali (programu ya kutuma na kuona herufi), PuTTY kwenye Windows au:

picocom -b 9600 /dev/ttyS4

Chomeka kiunganishi chako mkono wa P1 uchape herufi. Zikionekana kwenye skrini, zimetoka pini ya 3 zikarudi pini ya 2, na P1 ndiyo ttyS4. Zisipoonekana, hamisha kiunganishi P2, P3, P4 mpaka zirudi. Chomoa na uchape tena: herufi zikiendelea kuonekana bila ya kiunganishi, ni terminali inajionyesha yenyewe, izime tabia hiyo kwanza. Jaribio hili likipita, kadi, draiva na kebo ya pweza vyote havina kosa, na kuanzia hapo mtu akikwambia "labda ni draiva" huna haja ya kubishana naye.

Ukiwa unatumia poti ya mazabodi yenye waya mdogo wa soketi ya pini kumi, na jaribio linashindwa, jua kwamba waya hizo ziko za aina mbili zinazofanana kwa sura lakini pini zake zimepangwa tofauti. Badilisha waya kabla ya kulaumu mazabodi.

Nani anasema kwenye pini ipi

Kompyuta inatuma kwa pini ya 3 na kupokea kwa pini ya 2. Mizani nyengine zimepangwa hivyo hivyo, nyengine kinyume chake, na kitabu cha mizani mara nyingi hakipo tena. Multimita inakwambia. Weka volti za DC, 20. Mizani imewashwa, haijaunganishwa na kitu. Ncha nyeusi pini ya 5, nyekundu pini ya 2, kisha ya 3. Pini inayotuma, ikiwa imekaa kimya, inasoma hasi, kwa kawaida kati ya hasi 5 na hasi 12. Pini inayopokea iko karibu na sifuri.

Hasi ikiwa kwenye pini ya 2 ya mizani, tumia waya ulionyooka. Ikiwa pini ya 3, unahitaji waya uliopishana, 2 kwenda 3 na 3 kwenda 2, na 5 kwa 5. Ukikuta chanya 3.3 au chanya 5 iliyotulia, simama: hicho kifaa hakitumii RS-232, ni volti za chipu tupu, na ukikiunga moja kwa moja na kompyuta kitaungua. Na muhuri wa wakaguzi wa vipimo ulio kwenye mizani usiuguse kwa sababu yoyote, kazi yetu inaishia kwenye kiunganishi.

Baudi, na viroba vinavyochaguliwa

Sasa ndiyo mipangilio. Anza na 9600, biti 8, bila pariti, stopu 1. Tazama mizani inatoa nini kwenye terminali. Takataka tupu kila mstari: baudi si hiyo, jaribu 4800, 2400, 1200. Kimya kabisa: pengine mizani inasubiri kubonyezwa kitufe cha kuchapisha au kuulizwa, tafuta kwenye menyu yake namna ya kutuma mfululizo.

Iko hali ya tatu inayowachanganya watu. Mwenye ghala mmoja alinipokea mlangoni: "Fundi, mizani hii inachagua viroba. Cha kilo 30.5 inakiandika, cha 41.2 inakataa." Akinamama kwenye foleni wameshaanza kuwa na maneno. Mizani haichagui kitu. Inatuma biti 7 na pariti shufwa, kompyuta inasoma biti 8 bila pariti. Urefu wa kila herufi ni biti kumi kwa zote mbili, kwa hiyo hakuna kinachovunjika, ila biti ya pariti inasomwa kama sehemu ya herufi. Tarakimu 0, 3, 5, 6 na 9 zina biti za moja kwa idadi shufwa, pariti yao ni sifuri, zinapita salama. 1, 2, 4, 7 na 8 zina idadi witiri, zinaongezwa biti ya juu na kutoka kama alama za ajabu. Ukiona tarakimu tano nzima na tano mbovu, usiguse baudi. Kwenye Linux:

stty -F /dev/ttyS4 raw 9600 cs7 parenb -parodd -cstopb -crtscts
cat /dev/ttyS4

Kwenye Windows ni mode COM5: baud=9600 parity=e data=7 stop=1. Hiyo ni ya kujaribia tu, programu ya ghala nayo lazima iwekewe hivyo hivyo ndani yake, maana ikifungua poti inaweka ya kwake.

Na usikimbilie kuongeza baudi ili "iende haraka". Kwa 9600 zinapita herufi 960 kwa sekunde. Mstari wa uzito wa herufi 18 unachukua sehemu ndogo ya sekunde, hata kwa 1200 haufiki robo. Anayechelewesha foleni ni mizani kutulia.

Printa ya risiti ina ugonjwa mwengine: risiti fupi zinatoka vizuri, ndefu zinakosa mistari katikati. Printa imejaa, inasema subiri, na hakuna anayeisikia. Nyingi zinasema hivyo kwa waya wa DTR, kwa hiyo waya wa nyuzi tatu hautoshi. Tumia uliokamilika na uwashe udhibiti huo kwenye programu. Mizani ni kinyume: nyuzi tatu zinatosha, lakini ukiacha RTS/CTS (udhibiti mwengine wa kusubiri ruhusa) imewashwa kompyuta itasubiri ruhusa isiyokuja na haitatuma kitu. Zima.

Jenereta

RS-232 ni ya karibu, hesabu mita 15. Banda la jenereta liko mbali zaidi, na vidhibiti vya jenereta vingi vinazungumza Modbus (lugha ya vidhibiti) kwa RS-485, ambayo kwa kasi ndogo inafika mita 1200 kwa waya mbili zilizosokotwa. Kadi nyingi za bei nafuu hazina RS-485, na hata ikiwepo mimi siiungi moja kwa moja kwenye kadi. Ardhi ya banda na ardhi ya ofisi hazilingani, na radi za masika zinajulikana. Tumia adapta ya USB ya RS-485 iliyotengwa kwa umeme, ikiungua umepoteza adapta peke yake. Weka ukinzani wa omu 120 kwenye ncha mbili za waya, si katikati. Ikiwa kimya, badilishana waya za A na B, watengenezaji hawajawahi kukubaliana ipi ni ipi na hakuna kinachoharibika.

Adapta hii ni ya USB, kwa hiyo ile habari ya namba kubadilika inaihusu. Usiandike ttyUSB0 kwenye programu. Tazama ndani ya /dev/serial/by-id utumie jina refu utakalolikuta. Chipu za CH340 kwa kawaida hazina namba ya pekee, mbili zikiwa pamoja zitagongana jina, basi tumia /dev/serial/by-path na uandike kwenye kasha tundu lipi la USB lisihamishwe. Na kwenye Ubuntu 22.04, adapta ya CH340 ikionekana sekunde moja kisha ikatoweka, imechukuliwa na brltty, programu ya vifaa vya breli kwa wasioona. Ikiwa hapana anayeihitaji hapo, iondoe. Kwenye Windows, adapta inayolala baada ya muda ifuate Device Manager, Power Management, uondoe ruhusa ya kuizima kuokoa umeme.

Chumvi na kishale kinachokimbia

Ghala la mwani lina chumvi hewani kuliko pwani yenyewe. Pini zinaota ukijani. Kaza skrubu mbili za kila kiunganishi, pini zikae zimebanana, na poti isiyotumika ivalishe kifuniko chake. Ukiona uzito unakatika mtu akigusa waya, safisha kwa spiriti na brashi laini kabla ya kufungua kompyuta.

Mwisho, ukiwasha Windows na kishale cha mausi kikaanza kukimbia skrini nzima na kubonyeza vitu chenyewe, si virusi. Mizani iliyopangwa kutuma mfululizo ilikuwa inazungumza wakati kompyuta inawaka, na Windows ikadhani kuna mausi ya zamani ya seriali kwenye poti. Chomoa waya wa mizani kishale kitulie, na kabla ya kuurudisha au kuwasha upya, kwenye Device Manager, sehemu ya mausi, tafuta Microsoft Serial BallPoint. Bonyeza Disable, usibonyeze Uninstall, maana ukiiondoa itarudi siku ya pili umeme ukikatika.